Mtani Alipolikalia Begi

Kuna kitu mtu hukiomba kwa sauti kubwa miaka yote, na siku kikija hukipokea kwa kunong'ona. Anayeweza kukitegua akitegue mwenyewe. Wengine tufuatane hadi Temeke, kwenye vichochoro vya nyuma ya soko la Tandika, nyumbani kwa Bibi Tekla, ambaye mwaka huu alikipata.

Bibi Tekla ni Mngoni wa Peramiho. Alikuja mjini na mume aliyekuwa kuli bandarini, mume akafariki, yeye akabaki na genge lake la nyanya na bamia mbele ya nyumba. Baadaye akabaki pia na mjukuu, Lusungu, aliyeachwa kwake akiwa hajaota meno, pale mama yake Rosalia alipoolewa upya huko Lindi. Tangu siku hiyo neno lililotoka zaidi kinywani mwa bibi huyu halikuwa "kula" wala "lala". Lilikuwa "soma". Mtoto akisema tumbo linamuuma, aliambiwa asome kidogo kwanza waone kama litaendelea. Akisema ana usingizi, aliambiwa ausome huo usingizi umeandikwa wapi.

Basi mtoto akasoma. Ile transfoma ya kona ilipokuwa ikilipuka kila mvua, watoto wenzake walikuwa wakikimbia, yeye akisogea. Alitaka kujua kwa nini. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mwalimu mkuu alimpigia simu yeye mwenyewe, na haikupita muda jina lake likawemo miongoni mwa waliopata ufadhili wa serikali, ule wa wanaofaulu sana masomo ya sayansi. Ada, chakula, malazi, vitabu, vyote serikali inabeba. Masharti yake si mengi: uende chuo cha umma, usome sayansi, na ufike kujisajili kabla dirisha halijafungwa.

Mtaa mzima ulisherehekea kama vile ufadhili ni wa mtaa. Waliokuwa wakinunua nyanya kwa jirani walihamia kwa Bibi Tekla, na hata nyanya zilizominyika hawakuzirudisha. Sesilia, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, akamwomba azungumze na kina mama baada ya rozari, awaeleze mzazi afanye nini ili mwanawe naye abebwe na serikali. Bibi Tekla na darasa lake la saba akasimama, akafunga kanga vizuri, akazungumza mpaka chai ikapoa. Alisema kosa kubwa la wazazi wa mjini ni kumshikilia mtoto kama funguo za kabati. Alisema mtoto halelewi akae, analelewa aende. Kina mama wakaguna kwa kukubali, na mmoja akamrekodi kwa simu ili mumewe naye asikie.

Wakati huo alidhani Lusungu anakwenda chuo cha hapa hapa mjini.

Picha yote ilikuwa imeshakaa kichwani mwake: asubuhi mtoto anaondoka na begi la vitabu, jioni anarudi, anamkuta bibi anafunga genge, wanaingia ndani, wanakula ugali wao na mlenda, na serikali inalipa. Lakini vyuo vilivyomtaka Lusungu vilikuwa viwili. Cha mjini kilimpa ualimu wa kemia. Cha Mbeya kilimpa uhandisi wa umeme. Lusungu akathibitisha Mbeya kwa simu yake akiwa amekaa juu ya ndoo nyuma ya genge, kati ya mteja wa nyanya na mteja wa bamia, kisha akamwambia bibi yake. Bibi Tekla aliendelea kupanga mafungu. Akauliza kama Mbeya kuna baridi. Akaambiwa ipo. Akasema haya.

Nje aliendelea kujisifu. Mtu akipita tu kununua kitunguu, alijua habari za Mbeya mpaka jina la kozi. Ndani ndiko kulikobadilika, kwa maana Bibi Tekla ni mtu wa vitendawili, na jambo lisilomtoka kinywani kwa njia ya mlango hutoka kwa njia hiyo ya dirishani.

"Kitendawili," alisema jioni moja wakipanga nguo.

"Tega."

"Kisima nimechimba mie, maji yanakwenda kwa jirani."

"Mie huyo," Lusungu akajibu, huku anakunja sweta.

"Nyumba yangu ina taa moja, wamekuja kuiazima."

"Mie tena."

"Kibuyu changu—"

"Bibi, wiki nzima hii jibu ni mie. Tega kingine bwana."

Bibi Tekla akafikiri sana, mwisho akatega cha muhogo. Lakini cha muhogo nacho kikaishia kung'olewa shambani, akakiacha njiani.

Ikabidi atafute njia nyingine. Wala hakutaka mtoto asisome, mtu asije akamsingizia. Alitaka asome jirani. Na kwa hesabu zake jambo hilo liliwezekana kabisa. Dirisha la kujisajili huko Mbeya lilikuwa linafungwa Ijumaa. Tiketi ya basi ilikuwa ya Alhamisi. Alhamisi ikimpita, Mbeya imempita. Na Bibi Tekla hakuona serikali ikimtupa mtoto mwenye alama kama zile. Itampangia tu chuo cha mjini, aanze wiki inayofuata. Ameishi Dar miaka mingi na amevuka kwenda Kigamboni mara nyingi, na anajua jambo moja kuhusu vyombo vya serikali: ukikosa kivuko hiki, unakaa kwenye benchi, unapanda kinachofuata.

Kilichobaki ni kupata wa kuichelewesha hiyo Alhamisi bila lawama kumfika mtu. Na kwa kazi hiyo Mungu alimpa mtani.

Mzee Albano anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Ni Mhehe wa Iringa, alikuwa mwendesha kreni bandarini, sasa ni mstaafu anayevaa koti zito hata jua la Februari likiwa kichwani. Wangoni na Wahehe walipigana vita zamani za mababu, na walipochoka kupigana wakabaki kutaniana, na mpaka leo hawajachoka. Mzee Albano humwita Bibi Tekla mla panya, Bibi Tekla humwita yeye mla mbwa, na mbwa yeyote asipoonekana mtaani siku mbili, Bibi Tekla hupita kwa Mzee Albano kumpa pole ya kushiba. Ndiyo heshima yao. Mtani anaweza kukaa juu ya jeneza la msiba wenu mpaka mtoe chochote. Anaweza kumzuia bibi harusi mlangoni. Akifanya hivyo hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu anayemkasirikia mtani ameshindwa mbele ya watu, na faini yake inakuwa mara mbili.

Jumatatu mchana Bibi Tekla akampelekea kande kwenye bakuli lenye mfuniko. Mzee Albano akalifunua, akachungulia, akauliza mkia uko wapi. Bibi Tekla hakujibu utani ule, na hapo mzee akajua kuna jambo.

Akaelezwa. Alhamisi alfajiri mtoto anaondoka. Mtani aje alikalie begi mlangoni, kama desturi, adai faini, akatae kila faini, mpaka basi liende zake. Watu watacheka, mtoto atalia kidogo, halafu atanyamaza.

"Na ufadhili wake?" Mzee Albano aliuliza.

"Serikali haitupi alama kama zile. Watampanga hapa."

"Umemuuliza mwenyewe?"

Bibi Tekla alisema mtoto wa kumwuliza kila kitu ni mtoto wa kizungu.

Mzee Albano akala vijiko viwili vitatu vya kande, akatazama barabarani. "Nitakuja," akasema. "Ila, Mngoni, ukiniita mtani umeniita mzima. Huwezi kuita makalio ukauacha mdomo nyumbani."

Bibi Tekla alichukulia maneno hayo kama maneno ya Mhehe aliyeshiba. Akarudi gengeni akiwa mwepesi, na siku zilizobaki akamfungashia Lusungu begi kwa upendo wote, maana begi lisilokwenda popote halina ubaya kujazwa. Akatia unga wa ulezi. Akatia karanga, maharage, dagaa waliokaangwa, blanketi, na kopo la samli lililofungwa kwa mfuko juu ya mfuko. Lusungu alimwambia kule chakula kipo, kimelipiwa. Bibi akasema chakula cha kulipiwa hakina mwenyewe, akaongeza mchele.

Alhamisi kulipopambazuka kina mama wa jumuiya walikuwa tayari wamejaa uani, Sesilia mbele yao na kitabu cha nyimbo. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha madimbwi kichochoroni, na bajaji ya Mwinjuma, kijana wa mtaa huo huo, haikuweza kuingia. Ikasimama kule barabarani, na Mwinjuma alikuwa anapiga honi kila mara kuwakumbusha kwamba stendi ya Mbezi si hapo jirani na basi la saa mbili halingojei pambio. Wakasali. Wakaimba. Lusungu akatoka chumbani na sweta mkononi, akamshika bibi yake mkono, na walipogeuka kuchukua begi wakakuta limekaliwa.

Mzee Albano alikuwa kizingitini na koti lake, amelikalia begi kama mtu aliyelikuta njiani kwa bahati, fimbo katikati ya magoti.

Kina mama wakapiga vigelegele. Utani umeingia, safari sasa imekuwa safari. Lusungu akamwamkia, "Shikamoo, Babu," na yeye akaitika marahaba bila kunyanyuka. Sesilia akapitisha kanga haraka haraka, wakatupia sarafu na noti chache, akampelekea. Mzee Albano akaisukuma kanga kwa fimbo.

"Faini ya leo haitoki mfukoni," alisema. "Mie mwenyewe hapa si mwenye shughuli, nimetumwa. Haya niambieni, mtu anayemwita mwizi nyumbani kwake, akamwonyesha na mlango, mnamwitaje?"

"Mngoni!" wakajibu wale waliokuwa wepesi.

"Ndiye. Huyu mla panya alikuja kwangu Jumatatu na kande. Kande tamu, sikatai, hata mkia sikuuona. Akaniambia, Mhehe, likalie begi la mtoto mpaka basi liondoke. Asiende. Serikali itampanga hapa mjini, awe anarudi jioni, tunakula ugali. Ndivyo ulivyosema, Mngoni, au nimeongeza chumvi?"

Uani pakawa hapatoshi kwa kicheko. Sesilia akashika ukuta. Mama mmoja alisema mzee huyu ana kipaji cha kutunga, angeachwa redioni. Mwingine akasema, hebu fikiria, Bibi Tekla, aliyetufundisha sie kuachia watoto, ndiye aje azuie wake. Wakacheka upya kwa hilo, tena zaidi, kwa jinsi uongo ule ulivyokuwa hauwezekani.

Bibi Tekla naye alicheka. Afanyeje? Ukweli wake ulikuwa umemwagwa mbele ya jumuiya nzima, na jumuiya nzima ilikuwa inaushangilia kama kichekesho. Alicheka kwa meno, macho yakiwa yanamtafuta Lusungu, na alipompata akaona kwamba kati ya watu wote waliokuwa uani pale, mmoja tu hakucheka.

"Sasa faini," Mzee Albano aliendelea, na watu wakatulia wapate kusikia. "Begi hili alibebe yeye aliyenituma. Kichwani. Kutoka hapa mpaka kwenye bajaji. Akilibeba, mie nanyanyuka. Asipolibeba, mie mstaafu, sina pa kuwahi. Nakaa hapa mpaka basi lifike Iringa, liwasalimie ndugu zangu."

Ndipo Bibi Tekla alipoelewa kwamba mtani wake hakumsaliti hata kidogo. Alikuwa amefanya kila alichoagizwa. Begi lilikuwa chini yake, basi lilikuwa Mbezi, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na kitu isipokuwa yeye. Akisema tu miguu inamuuma, mambo yameisha. Kina mama wataendelea kucheka, kutapambazuka vizuri, Mwinjuma atachoka na honi yake, na lawama itabaki kwa Wahehe, ambao wameshazoea. Yote aliyoyataka yalikuwa yamewekwa miguuni pake, na bei yake ilikuwa kusimama tu pale alipo.

Akasimama.

Kicheko kikaanza kupungua. Mtu akakohoa. Lusungu akasogea karibu na bibi yake, akaongea kwa sauti ya chini, ile ya kuulizana ndani ya nyumba kama chumvi ipo.

"Bibi, unajua wakifunga kesho inakuwaje?"

"Watakupanga hapa."

"Hawanipangi popote. Nafasi anapewa mwingine, na ufadhili anapewa mwingine. Yupo ameshawekwa, anangoja kuona kama nitafika. Ningekuwa yeye, sasa hivi ningekuwa naomba Lusungu asifike."

Bibi Tekla akamtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza tu kama kuna baridi."

Kule barabarani honi ikalia tena, ndefu. Bibi Tekla alikuwa na maneno mengi ya kujibu: kwamba baridi ndilo jambo pekee aliloweza kuuliza bila sauti kukatika, na kwamba tangu Lusungu aanze darasa la kwanza yeye alikuwa anafikiria kusoma, hakuwahi kufikiria kumaliza kusoma. Huyo mwingine anayengoja alimjia akilini akiwa na sura kabisa, mtoto wa mtu, na bibi yake pembeni anamwambia soma.

Akafungua kanga ya mabegani, akaizungusha ikawa ngata, akaiweka kichwani.

"Nyanyuka, Mhehe," alisema. "Unalitia joto begi la watu."

Mzee Albano akanyanyuka taratibu, magoti yakimlilia, akapangusa begi kwa mkono wa koti lake kama mtu anayerudisha kiti cha kanisa. Yeye na Lusungu wakalinyanyua pamoja, wakalipandisha. Bibi Tekla akayumba. Hapo ndipo alipokumbuka unga, na maharage, na mchele ule wa mwisho, na samli. Hakuna mtu aliyemchagulia uzito ule. Kila kilo aliitia kwa mikono yake mwenyewe, akisukumiza na goti ili zipu ifunge.

Kina mama wakalipuka kwa vigelegele, wakaanza wimbo mwingine. Sesilia alikuwa anafuta machozi na kusema kwamba huo ndio upendo, bibi mzima anambebea mjukuu begi, watu waje wajifunze.

Kichochoro kilikuwa chembamba, wawili hawapiti sambamba, kwa hiyo Bibi Tekla alitangulia na begi na Lusungu akawa nyuma yake, na waimbaji wakabaki nyuma kidogo wakikwepa madimbwi. Walipopita ukuta wa nyumba ya pili, Lusungu akauliza bila kusogea mbele.

"Babu Albano ametania tu, au?"

Ilikuwa njia nyepesi, na mjukuu alikuwa amemfungulia kwa mkono wake mwenyewe. Utani ndiyo kazi yake hiyo. Angesema ndiyo, ametania, Wahehe bwana, na hakuna mtu duniani angemwuliza tena.

Bibi Tekla akapiga hatua chache ndani ya dimbwi, shingo imenyooka chini ya mzigo.

"Yule mzee amekula mbwa maisha yake yote," alisema. "Akili ya kutunga jambo kama lile aitoe wapi?"

Nyuma yake akasikia kicheko, kwanza kidogo kama mtu anayekizuia kwa kiganja, kisha kikamshinda mwenyewe, na Lusungu akacheka kule kichochoroni mpaka akalazimika kushika ukuta, anacheka na pua inamlia kama mtoto. Bibi Tekla hakugeuka. Kwa begi lile asingeweza hata angetaka. Akasikia tu hatua zikimkimbilia, na mkono ukishika mkanda wa begi kutoka nyuma.

"Lete tusaidiane, Bibi. Utavunjika shingo."

"Achia," alisema Bibi Tekla. "Faini yangu hailipi mtu mwingine. Wewe kaniwekee huyo Mwinjuma sawa, mwambie aache honi, tunakuja."

Lusungu akabanana ukutani, akampita, akakimbia mbele kuelekea barabarani, sweta likimpepea begani. Bibi Tekla akafuata na ulezi wake, na maharage yake, na samli yake, akitazama chini asiteleze.